Ngozi ya Kuazima

Siku ya kumi na saba ya jaribio, saa tatu asubuhi, vidole viwili vya mkono wa kulia wa Atuganile Mwakyoma vilikufa ganzi.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba katika chumba alichopewa nyuma ya ghala la shamba, amevaa ngozi kuanzia kisogoni hadi nyayoni, nyembamba kama utando wa ndani ya yai. Aliinua mkono akautazama. Kidole cha mwisho na kile cha pete vilikuwa pale pale, vizima, vina rangi yake ya siku zote. Akavikunja, vikakunjika. Akavipiga kwenye ukingo wa meza, akaona vimegonga, asisikie kitu.

Ganzi haikuwa yake. Ilikuwa ya Sekela Mwambungu, mchumaji wa chai wa miaka hamsini na mitatu, ambaye saa hiyo alikuwa kilomita nne juu mlimani, kwenye kitalu namba tisa cha shamba la Kyambala, akichuma kwenye manyunyu. Sekela naye alikuwa na ngozi yake chini ya gauni. Chochote kilichompata mwilini kilishuka mlima na kumpata Atuganile kwenye kiti: baridi ya shingo, kiuno kinachovuta, njaa ya saa nne, jiwe ndani ya buti. Ndiyo ilikuwa kazi ya mvaaji. Sheria ilikataza kitu chochote cha kuvaliwa mwilini kuuzwa kabla mvaaji hajakaa siku thelathini ndani ya mwili wa mtumiaji na kutia saini.

Atuganile alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Alikwisha kuwavaa watu sitini na mmoja. Alimvaa dereva wa lori mwenye vidonda vya tumbo, kwa ajili ya kiti kipya. Alimvaa mwanamume aliyekatwa mguu, na kwa mwezi mzima akawashwa na unyayo usiokuwa wake, na ambao yule bwana hakuwa nao tena. Alimvaa mjamzito mara tatu, wajawazito watatu tofauti, na yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Kila jaribio lilipokwisha alivua ngozi, akaoga, akalala siku mbili. Miaka ya karibuni siku mbili hazikutosha tena. Alikuwa akiamka asubuhi na kulala kimya kitandani, akijipapasa kimawazo kutoka kichwani hadi miguuni, akiuliza: hili ni la nani, na hili ni la nani.

Daftari la jaribio lilikuwa wazi mezani. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Ya kwanza iliitwa Kilichosemwa, na humo aliandika maneno ya Sekela kila jioni walipozungumza. Ya pili iliitwa Kilichosikika, na humo aliandika kile ambacho ngozi ilimwambia. Lakini safu ya pili ilikuwa na sharti, na kila mvaaji aliliapia kabla ya kupewa leseni: kilichosikika hakiandikwi mpaka mwenye mwili akubali. Mwili una mwenyewe.

Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Kwenye safu ya kwanza, tangu siku ya kwanza hadi jana yake, Sekela alikuwa amesema jambo moja kwa namna kumi na sita. Mkono ni mwepesi. Mkono ni mzuri. Mungu ambariki huyo kijana.

Atuganile akaweka kalamu chini, akavaa koti la mvua, akaanza kupanda mlima.

*

Alifika wakati wa mapumziko. Wachumaji kumi na wawili wa jaribio walikuwa wameketi kwenye ukingo wa barabara ya trekta, plastiki zao za kiunoni zikichuruzika maji, matenga yamepangwa nyuma yao. Kila mmoja alikuwa na Mkono Mwepesi umefungwa kuanzia begani hadi kwenye kifundo: mbavu nyembamba za nyuzi za mkonge zilizokaushwa kwa dawa, mkanda mpana chini ya kiwiko, na kwenye ncha za vidole, kucha ndogo zilizokata majani mawili na chipukizi bila kugusa jani la tatu. Mchumaji mzuri wa Kyambala alikuwa akipeleka mizani kilo arobaini na tano kwa siku. Kwa Mkono Mwepesi walikuwa wanafikisha tisini.

Lwitiko Mwaisaka, aliyeubuni, alikuwa amechuchumaa katikati yao na kijitabu chake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mama yake mzazi alikuwa ameuacha mgongo wake kwenye mashamba haya haya. Atuganile alimpenda, jambo ambalo si jema kwa mvaaji. Kijana hakuwa mjanja wa maneno. Alikwisha kutengeneza jiko, watu wakalikataa, akalitupa. Akatengeneza kifaa cha kuchambua viazi, wakakikataa, akakitupa. "Nyumba ya mabua kwanza, dada Atu," alikuwa akimwambia. "Ikianguka haikuui. Ukifika kwenye matofali unajua pa kuweka nguzo." Mikono saba ya kwanza aliitengeneza kwa mianzi na mipira ya baiskeli, akaja nayo shambani mmoja mmoja, akaondoka nayo imevunjika. Huu ulikuwa wa nane, na huu alikwisha kuupenda. Ilionekana kwa jinsi alivyouliza.

"Haya mama zangu, leo mnauonaje?"

"Mzuri, baba," wakasema.

"Hakuna panapobana?"

"Hakuna, baba. Mzuri."

Akaandika. Mwanamke mmoja wa upande wa mwisho, aliyeitwa Tumpe, alikuwa anapokea kikombe cha chai kutoka kwa mwenzake. Kikombe kilipita katikati ya vidole vyake kikaanguka kwenye matope. Wenzake wakacheka, wakamwambia amezeeka. Tumpe naye akacheka. Lwitiko akacheka pamoja nao, akageuza ukurasa.

Atuganile hakucheka. Aliwatazama wanawake kumi na wawili, na akaona kwamba tisa kati yao walikuwa wameshika vikombe kwa mkono wa kushoto.

Kengele ya nyapara ilipolia, Sekela alinyanyuka akaingia kwenye mstari wake, na Atuganile akamfuata. Hawakuwa wamezoea kuonana mchana. Ilikuwa ajabu kidogo kusimama mbele ya kiuno kinachouma na kukisikia nyuma yake mwenyewe.

"Umesikia," Sekela akasema. Hakugeuka.

"Tangu saa tatu, dada."

"Mimi ilianza siku ya kumi na mbili. Ilikuwa inakuja usiku nikiwa nimevua ngozi, asubuhi imekwisha. Nikajipa moyo kuwa ni baridi." Mkono wake uliendelea kwenda na kurudi juu ya majani, kucha zikilia kama mvua juu ya karatasi. "Leo imekuja ikakaa."

"Ni ule mkanda wa kiwiko. Unabana mshipa wa fahamu. Ukiendelea nao havitarudi hivyo vidole."

"Najua."

"Nataka kuandika."

"Sikukubalii."

Alisema bila ukali wowote. Atuganile alisubiri. Miaka ile ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akiachwa kimya kidogo atasema lililo chini ya lile alilosema.

"Panda hadi banda la juu," Sekela akasema. "Kuna madude manne yamefunikwa turubai. Mashine za kuvuna. Zinajiendesha, hazinywi chai, hazina watoto. Zimeletwa mwezi wa tatu. Bwana mkubwa wa shamba alituita akatuambia waziwazi: wachumaji wakifika kilo themanini msimu huu, turubai hazifunuliwi. Wasipofika, zinafunuliwa. Tuko mia tatu na arobaini. Wewe ukiandika, jaribio linafungwa. Likifungwa hatufiki themanini." Akatupa konzi la majani tengani. "Vidole viwili, mdogo wangu. Si mkono. Vidole viwili tu, tena vile visivyo na kazi."

"Hao mia tatu na arobaini wote watauvaa."

"Watauvaa."

"Na wa Mufindi, na wa Lushoto. Sahihi yangu ikishakuwa pale, utauzwa kila mahali. Wao hawajui."

Mikono ya Sekela ilisimama kwa mara ya kwanza. Atuganile alisikia, kwenye koo lake mwenyewe, kitu kama tonge lililogoma kushuka.

"Sisi kumi na wawili tunajua," Sekela akasema baadaye. "Unadhani kikombe cha Tumpe kiliteleza? Tuliliongea hili tukaliamua. Mwili ni wangu. Kiapo ulikula wewe. Andika nilichosema."

*

Angeweza kukataa kutia saini. Alilifikiria hilo siku mbili. Lakini mvaaji akikataa bila kueleza sababu, sheria ilimruhusu mbunifu kumwita mvaaji mwingine, na wapo waliokuwa wakivaa ngozi huku wamemeza dawa za kutuliza maumivu, na saini zao ni saini.

Alijaribu kwa Lwitiko. Alimkuta kwenye karakana yake Tukuyu mjini, chumba kimoja juu ya duka la mbegu, akipima nyuzi.

"Umewahi kuuvaa mwenyewe, baba? Siku nzima, shambani?"

"Kwa saa nne tu. Ukanibana bega kwa sababu umekatwa kwa kipimo cha mwanamke." Akainua macho. "Kuna kitu?"

"Umewauliza vizuri hao kina mama?"

"Nawauliza kila siku, dada. Wewe umeniona. Nimefundishwa hivyo: usipende wazo lako, wapende watu wako, wasikilize." Akatabasamu kwa uchovu, kwa maana naye alikuwa halali sawasawa. "Kuna kitu kwenye safu ya pili?"

Atuganile alitazama dirishani. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni.

"Safu ya pili ina mwenyewe," akasema.

Lwitiko akarudi kwenye nyuzi zake. Ukutani nyuma yake, juu ya msumari, ulining'inia Mkono Mwepesi wa kumi na tatu, wa akiba, ambao haukuwa na mchumaji.

Hakuwa amekwenda pale kwa ajili ya Mkono huo. Lakini alipouona aliutazama mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa. Kiapo kilisema mwili una mwenyewe. Hakikusema ni mwili upi.

"Niazime ule," akasema.

"Wa nini?"

"Nataka kujua Sekela anazungumzia nini anaposema mwepesi."

*

Chini kabisa ya shamba, karibu na kijito, kulikuwa na kitalu cha chai ya zamani iliyoachwa ikakua ovyo. Atuganile alimwomba nyapara ruhusa ya kuchuma humo. Nyapara alimwambia majani yale hayafai hata kwa mbuzi. Akamjibu kwamba yeye naye si mchumaji.

Kuanzia siku ya ishirini alichuma kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, mkanda wa kiwiko umekazwa kwa tundu lile lile alilokaza Sekela. Na kwa kuwa sheria ilimtaka awe ndani ya ngozi saa zote za kazi, alichuma akiwa ameivaa. Kwa hiyo alichoka mara mbili. Kiuno chake kiliuma, na juu ya maumivu yake yakalala maumivu ya kiuno cha Sekela, kama blanketi la pili juu ya mgonjwa wa homa. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kufanya kazi ya kuinama. Siku ya kwanza alipeleka mizani kilo kumi na nne. Karani wa mizani aliyaangalia majani yake, akamwangalia yeye, akayamwaga nyuma ya banda bila kusema neno.

Siku ya pili alitapika. Siku ya tatu mvua ilinyesha mfululizo, na akagundua kwamba Sekela huimba kwa pumzi bila kutoa sauti anapofika mwisho wa mstari, kwa sababu kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwa mapigo ya wimbo fulani. Siku ya tano alikuwa amezoea kidogo. Kilo thelathini na mbili. Mkono ulikuwa mwepesi kweli, hakuna aliyesema uongo. Bega lilikuwa linasahau kwamba lina kazi. Alielewa jinsi mtu angeupenda.

Alijua pia anachokicheza. Kila baada ya miaka miwili wavaaji walipimwa Mbeya. Walifungwa macho, wakaguswa ncha za vidole kwa unywele mmoja, wakatakiwa kusema ni kidole kipi. Ngozi hupokelewa na mishipa, na mvaaji mwenye kidole kilichokufa ni kama mpiga zeze asiye na waya. Kipimo chake kilikuwa mwezi uliofuata. Alilifikiria hilo akiwa ameinama kwenye kitalu kile kibovu, akashangaa kuona kwamba halimtishi sana. Labda alikuwa amechoka mno kuogopa. Labda aliwahi kulitamani.

Kwa jinsi vidole vya Sekela vilivyokuwa vimekufa tayari, hakuweza kujua vyake vinaendeleaje. Kila alasiri alirudi chumbani, akavua Mkono, akavua ngozi kuanzia shingoni, na ganzi ikatoka pamoja nayo kama soksi. Alikuwa akikaa kitandani na kubonyeza kidole cha mwisho kwa ukucha wa gumba mpaka kiume. Kikiuma, alishusha pumzi.

Siku ya ishirini na nane alivua ngozi, akaitundika, akakaa kitandani akabonyeza. Akabonyeza tena. Alama ya ukucha aliijua kwa kuiona tu.

Ngozi ilikuwa imening'inia ukutani, tupu. Ganzi ilikuwa imebaki.

*

Lwitiko alisoma ripoti yote amesimama. Kisha akakaa, akaisoma tena.

Safu ya kwanza ilikuwa imejaa hadi siku ya thelathini: mzuri, mwepesi, Mungu ambariki. Safu ya pili ilikuwa na maneno hadi siku ya kumi na sita. Kutoka hapo ilikuwa nyeupe. Chini ya daftari, kwenye ukurasa ambao kwa kawaida huachwa wazi kwa ajili ya saini, Atuganile alikuwa ameandika maelezo ya siku tisa za kuchuma kwa mwili wake mwenyewe, kilo kwa kilo, na cheti cha mganga wa zahanati kimebandikwa pembeni.

"Umeniharibia makusudi," Lwitiko akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mvaaji hajijaribii mwenyewe."

"Nimeitafuta sheria inayokataza. Haipo."

"Wewe si mchumaji. Hujui kuinama. Huenda ulikaza mkanda vibaya."

"Huenda."

"Wanawake kumi na wawili, dada Atu. Siku thelathini. Mara mia tatu na sitini nimeuliza, mara mia tatu na sitini wakaniambia ni mzuri. Nimwamini nani?"

"Uliwauliza uso kwa uso, baba. Mtoto wa mchumaji mwenzao, umeloa, una kijitabu, macho yanaomba. Mama gani atakuvunja moyo? Ungeuliza mawe yangekwambia mzuri."

Kidole cha Lwitiko kilishuka taratibu kwenye safu ya pili, kikapita siku ya kumi na sita, kikaingia kwenye weupe, kikashuka nao hadi chini. Atuganile aliona kwamba anaanza kuelewa. Hakumsaidia, na hakumzuia. Alijua kwamba weupe nao ni namna ya kusema, na kwamba hapo kiapo chake kilikuwa kimesimama kwa mguu mmoja. Angelibeba hilo.

"Kesho kutwa shamba linatia saini," Lwitiko akasema. "Mikono mia tatu na arobaini."

"Najua."

"Nikiwaambia nahitaji miezi minane niondoe mkanda, hawatanisubiri. Wana mashine."

"Najua hilo pia."

Alifunika uso kwa viganja.

"Na nisingeisoma?" akauliza ndani ya viganja. "Ningesema ripoti imechelewa kufika?"

"Mimi ningekuwa nimeandika, na wewe ungekuwa umesema imechelewa," Atuganile akasema. "Sina nguvu ya zaidi ya hapo, mwanangu."

*

Walipanda pamoja kesho yake, wakati wa mapumziko. Lwitiko hakuchuchumaa wala hakutoa kijitabu. Alisimama mbele ya wale wanawake kumi na wawili, mikono ameiacha ikining'inia kama mtu aliyekuja kuleta habari za msiba.

"Mama zangu," akasema, "nimetengeneza kitu kinachoua vidole. Kimeua vya dada huyu. Sitawauliza kama kimeua vya mtu mwingine. Nimekuja kukichukua."

Atuganile akanyoosha mkono wa kulia mbele yao. Tumpe, aliyekuwa karibu, akachukua kijiti cha chai chenye ncha, akamchoma kidole cha mwisho, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua tu. Tone la damu likatoka. Atuganile alikuwa anatazama upande mwingine, na aliendelea kutazama huko.

Wanawake wakaliona hilo.

"Alichuma kitalu cha kijitoni," mmoja akasema. "Kumbe ndicho alichokuwa anatafuta. Nilidhani amerukwa."

Sekela alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alinyanyuka, akafungua mkanda wa kiwiko, akafungua wa bega, akaulaza Mkono Mwepesi kwenye majani miguuni pa Lwitiko kwa uangalifu, kama anavyolazwa mtoto.

"Na vyangu," akasema.

Kisha Tumpe akasema na vyake. Kisha yule aliyempa kikombe. Walikuwa tisa mpaka mwisho, na watatu ambao vidole vyao vilikuwa bado vinawasha tu. Lwitiko aliokota mikono kumi na miwili, mmoja mmoja, akaifunga kwa kamba. Alikuwa analia na hakujificha. Wale mama walitazama pembeni kumpa nafasi.

Shamba halikutia saini. Wiki ya pili turubai zilifunuliwa. Mashine ziliweza vitalu vya chini, vyenye mteremko wa kawaida. Vile vya juu ziliteleza na moja ikapinduka, kwa hiyo wachumaji mia na kumi na wanane walibakishwa huko. Wengine mia mbili na ishirini na wawili walipewa barua za kuachishwa kazi. Sekela alikuwa miongoni mwao.

Alikuja kumwona Atuganile siku ile aliyokuwa anafunga mizigo. Alikuja na ndizi, akaziweka mezani, akaketi kwenye kiti cha kamba. Kwa mara ya kwanza walikuwa chumba kimoja bila ngozi kati yao, na Atuganile hakujua huyu mwenzake anaumwa wapi.

"Nimetoka kwa mganga," Sekela akasema. "Kimoja kitarudi. Kingine hajui."

"Nami kaniambia hivyo hivyo."

"Mwanangu Ipyana ana shamba la kakao Kyela. Ananiita. Nitakwenda." Alisugua goti. "Sijaja kukushukuru. Wako wanawake kule chini hawajui kesho watakula nini, na wanalitaja jina lako."

"Wana haki."

"Lakini ungeniandika bila ruhusa ningekulaani mpaka kaburini." Akamenya ndizi kwa mkono wa kushoto, akampa nusu. "Yule kijana amekuja jana. Hakuuliza ni mzuri ama ni mbaya. Alinipa shanga na uzi akakaa ananitazama nikitunga. Siku nzima. Nikamwambia baba, huna kazi? Akasema hii ndiyo kazi."

Wakala ndizi. Mvua ilianza tena juu ya bati, na Sekela akajikaza kuondoka kabla haijakolea.

*

Mbeya walimfunga macho kwa kitambaa cheusi. Mpimaji alikuwa binti mpole aliyenukia sabuni. Alisema ataanza mkono wa kushoto, na Atuganile akataja vidole vyote vitano bila kusita. Wakahamia wa kulia. Gumba, akasema. Shahada. Cha kati. Kisha kimya kikawa kirefu, na alijua kutokana na pumzi ya yule binti kwamba alikuwa ameguswa tayari, mara mbili, labda tatu.

"Unasikia, mama?"

"Hapana."

Alirudisha ngozi kwenye dirisha la stoo, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya sanduku lake. Karani alihesabu miaka kwenye faili, akasema pole kwa utumishi mrefu, akamwonyesha pa kutia saini. Alitia kwa mkono wa kushoto. Saini ilitoka mbaya, na karani akaikubali.

Kulikuwa na benchi la zege nje, chini ya paa la ofisi. Alikaa hapo kungoja gari la kwenda kwa dada yake Uyole, ambako alikusudia kulala mpaka achoke kulala. Jua lilikuwa limetoka. Kwa mazoea ya miaka kumi na tisa akaanza kujipapasa kimawazo, kuanzia kichwani, akitafuta kitu cha kurudisha kwa mwenyewe. Shingo ilikuwa imekaza, ya kwake. Kiuno kilikuwa bado kinavuta kutokana na kitalu cha kijitoni, cha kwake. Akashuka begani, akapita kiwikoni, akafika kwenye vile vidole viwili vilivyolala mapajani kama vya mgeni. Akavishika kwa mkono wa pili, akavikunja, akavikunjua. Hakuna aliyekuwa upande wa pili.

Gari lilipofika, dereva alimwona anashindwa kufunga kifungo cha koti, akamuuliza kama anaumwa.

"Nimechoka tu," Atuganile akasema, akapanda.